Chura Mwenye Kucha na Maji ya Kunywa



Mara nyingi katika ukurasa huu tumesimulia habari za wanyama wakubwa, kama vile tembo, kiboko na mamba, kwa kuwa wakubwa ndio wanaopendwa kusikilizwa. Leo twaomba ruhusa ya kusimulia habari za mnyama mdogo, asiye na uzuri wa kusifiwa, ambaye watoto humtupia mawe na watu wazima humpita bila kumtazama. Tena hatutakwenda mbali kumtafuta. Yuko katika mifereji ya mashamba, katika mabwawa ya samaki, na katika vidimbwi vinavyobaki baada ya mvua. Huyo ndiye chura mwenye kucha.

Sababu ya kumchagua ni hii. Mtoto mmoja wa shule, hapa upande wa Uvira, alitumwa na mama yake kuteka maji siku ambayo bomba lilikuwa kavu. Akaenda kwenye kidimbwi kilichoko karibu, akazamisha ndoo yake, na alipoiinua akamwona chura ndani. Mtoto akataka kumwaga maji yale. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama hapo akamzuia, akisema: “Mjukuu wangu, usimwage. Maji yenye kiumbe hai hayana ubaya. Yangekuwa mabaya, huyu chura angalikuwa amekwisha kufa.” Mtoto akajibu, “Ndiyo, babu,” akamtoa chura, akayabeba maji nyumbani. Lakini moyoni hakuridhika, akatuletea swali: je, mzee alisema kweli?

Swali hilo ni zuri, nasi hatumcheki mzee. Neno lake lina akili ndani yake, maana yeye alitazama alama, akafikiri, akatoa hukumu. Basi nasi tufanye vivyo hivyo: tumtazame chura mwenyewe kwa makini, halafu tutoe hukumu.

Jina na umbo lake

Wataalamu humwita kwa jina la Xenopus, neno lililotoka katika Kigiriki, maana yake “mguu wa ajabu”. Na kweli mguu wake ni wa ajabu. Katika mguu wa nyuma ana vidole vitano vyenye utando mpana kama wa bata, na vidole vitatu vya ndani vina kucha nyeusi ncha zake. Vyura wengi mnaowajua hawana kucha kabisa.

Wako wa aina nyingi katika Afrika. Aliyeenea katika nchi zetu, yaani mashariki ya Kongo, Burundi, Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania, anaitwa Xenopus victorianus. Ndugu yake mkubwa wa Afrika ya Kusini anaitwa Xenopus laevis. Hao wawili wamefanana hata wataalamu wengi waliwahesabu kuwa aina moja mpaka mwaka 2015. Mengi tutakayoyasema hapa yalichunguzwa kwa yule wa kusini. Lakini desturi za jamaa hiyo nzima zimekaribiana sana.

Mtazameni vema. Mwili wake umebanwa kama ulioketiwa, na ngozi yake yateleza hata ni vigumu kumshika. Mgongoni ana rangi ya tope au majani makavu, na tumboni ni mweupe-mweupe. Akiwa juu ya tope jeusi hujitia weusi, na akiwa juu ya mchanga hufifia, ili ndege asimwone. Macho yake madogo yako juu ya kichwa, yakitazama mbinguni, kwa kuwa adui wake hutoka juu: korongo na mdiria na ndege wengineo walao vyura.

Ubavuni mwake mtaona vistari vidogo vingi vilivyopangwa kama mshono wa uzi wa fundi cherehani. Mwaweza kudhani ni pambo tu, kumbe sivyo. Kwa vistari hivyo huyatambua mawimbi madogo kabisa ya maji. Mdudu akianguka majini usiku, chura hajamwona, lakini ngozi yake imekwisha kumwambia mdudu yuko upande gani. Samaki nao wana kipawa hicho. Bali vyura walio wengi hukipoteza mara wanapoacha hali ya kiluwiluwi. Huyu hakipotezi, maana maisha yake yote ni majini.

Namna anavyokula

Chura wa kawaida hurusha ulimi wake wenye kunata, akamnasa inzi. Huyu hana ulimi hata kidogo. Basi anakulaje? Huufungua mdomo ghafula, maji yakaingia kwa nguvu pamoja na kile alichokitaka. Kisha kwa mikono yake miwili husukuma chakula ndani, kama mtoto mwenye pupa aliyeachiwa sahani ya ugali peke yake. Kitu kikiwa kikubwa, hukipasua kwa kucha za miguu ya nyuma.

Hachagui sana. Hula wadudu, viluwiluwi vya mbu, konokono wadogo, vitoto vya samaki, na hata mizoga. Kwa hiyo wafugaji wa samaki hawampendi, na wana haki. Lakini mtu anayeishi karibu na maji yaliyotuama, akisumbuliwa na mbu na malaria, amhesabu pia kuwa msaidizi wake mmoja.

Tena ana sauti, ingawa mpita njia haisikii. Dume huimba chini ya maji, bila kutoa pumzi nje, akigongesha viungo vya kooni mwake, na kila aina ina mlio wake.

Jike hutaga mayai maelfu, akiyabandika mojamoja katika majani na vijiti vya majini, na baada ya siku mbili tatu viluwiluwi hutoka. Hivyo viluwiluwi vina ndevu mbili ndefu mdomoni, kiasi kwamba mtu asiyejua husema ni vitoto vya kambare. Huning'inia kichwa chini, mkia ukitetemeka, vikichuja maji na kula vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Na hapa pana jambo la kutisha kidogo: katika bwawa lisilo na chakula kingine, vyura wakubwa hula viluwiluwi, hata vya kwao wenyewe. Vijimea vya majini mkubwa hawezi kuvila. Mdogo huvila, na mkubwa humla mdogo. Hivyo bwawa lenye maji ya kijani tupu laweza kuwalisha vyura miaka mingi. Sisi wanadamu tumepewa sheria nyingine, nasi tusimhukumu chura kwa sheria hiyo. Mungu hakumpa akili ya kutenda dhambi.

Wakati wa kiangazi

Wasomaji wa bonde la Ruzizi mwajua vema jinsi kiangazi kinavyokausha vidimbwi. Samaki walionaswa humo huokotwa au hufa. Chura wetu ana njia mbili za kuokoka.

Njia ya kwanza ni kuhama. Nchi kavu si mahali pake. Miguu yake haimpi mwendo mzuri, naye hujiburuta na kurukaruka kwa shida. Kwa hiyo hungojea usiku wa mvua, wakati majani yamelowa, ndipo huondoka kutafuta maji mengine. Huko kusini wataalamu waliotia vyura alama waliwaona wengine wamekwenda mamia ya mita, na wachache zaidi ya kilometa moja.

Njia ya pili ni kungoja. Maji yakipungua sana, chura huchimba tope kwa miguu ya nyuma, akiingia kinyumenyume, na kujizika humo, akiacha tundu dogo la hewa juu ya kichwa chake. Tope hukauka na kuwa gumu. Ng'ombe hupita juu yake. Ndani, chura hatembei wala hali. Aweza kukaa hivyo kwa miezi mingi. Takataka ya mwilini ambayo siku zote huitoa majini, sasa huiweka katika damu yake, na kwa njia hiyo huzuia maji ya mwili yasivutwe na udongo mkavu. Mvua ya kwanza ikinyesha, udongo hulainika, na watu huona ajabu, wakisema, “Vyura wameshuka pamoja na mvua.” Hawakushuka, walikuwa wakingoja chini ya nyayo zetu.

Chura aliyekwenda mbali

Yawezekana mtadhani kiumbe huyu hajulikani nje ya vidimbwi vyetu. Kumbe wachache ni wanyama wa Afrika waliosafiri kumpita.

Mwaka 1930, Mwingereza mmoja, Lancelot Hogben, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Cape Town, aligundua kwamba jike wa chura huyu akidungwa dawa iliyotolewa katika tezi iliyo chini ya ubongo wa ng'ombe, hutaga mayai. Miaka michache baadaye wataalamu wa mji huo walionyesha kwamba mkojo wa mwanamke mwenye mimba, ukidungwa katika chura, humfanya atage kwa muda wa saa chache tu. Basi kwa njia hiyo hospitali nyingi za Ulaya na Marekani ziliweza kumwambia mama kama ana mtoto tumboni. Hapo kwanza sungura na panya walichinjwa kwa kazi hiyo. Chura hakufa, bali alipumzishwa na kutumika tena. Mpaka miaka ya 1960, vyura hao walipelekwa ng'ambo maelfu kwa maelfu. Ni akina mama wangapi wa nchi za mbali waliopokea habari ya furaha kwa msaada wa chura wa Afrika, wala hawakujua!

Hata baada ya vipimo vipya kupatikana, wataalamu hawakumwacha. Mwingereza John Gurdon alimtumia katika uchunguzi wake juu ya chembe hai, uliotangazwa mwaka 1962, na kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Mwezi wa Septemba 1992 vyura wanne wa jamaa hiyo walipandishwa katika chombo cha Marekani mpaka angani, na mayai yao yakawa viluwiluwi huko juu.

Lakini safari hizo zilileta na hasara. Vyura waliotoroka au kuachiwa wamezaana katika Ufaransa, Chile, Ureno na kwingineko, wakila viumbe vya huko. Tena vyura wa jamaa hii huweza kubeba ukungu fulani wa ngozi pasipo wao kufa, na ukungu huo umeua vyura wengi mno katika Australia na Amerika ya Kati. Biashara ya vyura wa kila namna, iliyofanywa na wanadamu bila uangalifu, imesaidia kuueneza. Kumbukeni jambo hili, maana tutalirudia: kinachobebwa na mmoja bila madhara chaweza kumwua mwingine.

Ngao iliyofichwa

Sasa twakaribia swali la mtoto wetu. Je, kwa nini chura huyu aweza kuishi katika maji mabaya?

Sababu ya kwanza ni mapafu yake. Samaki wengi huvuta hewa iliyomo majini. Maji yakioza na hewa ikapungua, hufa. Chura wetu hupanda juu, huvuta hewa kama sisi, hushuka tena. Maji yaliyooza hayamzuii kupumua.

Sababu ya pili iligunduliwa na mganga wa Marekani, Michael Zasloff, aliyetangaza habari zake mwaka 1987. Yeye aliwapasua vyura hao kwa ajili ya uchunguzi, akawashona, akawarudisha katika maji yao yaliyojaa vijidudu. Siku moja akajiuliza: mbona majeraha haya hupona pasipo usaha? Mtu aliyeshonwa na kutumbukizwa katika maji kama hayo angeugua vibaya. Akatafuta, akakuta kwamba ngozi ya chura hutoa dawa yake yenyewe, iwezayo kuua vijidudu vya namna nyingi. Akaiita magainini, kutokana na neno la Kiebrania lenye maana ya “ngao”.

Hivyo, wapenzi wasomaji, mwaona mambo yalivyo. Chura aliyekuwa ndani ya ndoo hakuwa shahidi wa usafi wa maji. Yeye alikuwa hai kwa sababu amevaa ngao. Mtoto aliyebeba ndoo hana ngao hiyo, wala mama yake, wala mdogo wake aliye mgongoni.

Nasi wa Uvira hatuna ruhusa ya kulichukua jambo hili kwa wepesi. Kipindupindu si mgeni katika mji wetu wala katika pwani hii ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Kila mara hurudi. Wengi wetu twakumbuka mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, ukabomoa nyumba na kuua watu. Na tena mwaka 2024, Ziwa lilipopanda na kuingia katika makao ya watu. Siku kama hizo maji ya vyoo huchanganyika na maji ya visima, na mabomba huvunjika. Ndipo mtu mwenye kiu husema, “Maji haya ni meupe, hayana harufu, tena yana viumbe hai.” Lakini kijidudu cha kipindupindu hakionekani kwa macho, hakina harufu, wala hakimdhuru chura. Mtu aliyekinywa aweza kushikwa na kuhara maji kama ya mchele, na asipotibiwa aweza kufa kwa saa chache tu.

Basi, amri zetu ni chache. Maji ya kidimbwi, ya mto na ya Ziwa yasinywewe mpaka yamechemka kabisa, au yametiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Yahifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, na kikombe kichafu kisizamishwe humo. Mikono ioshwe kwa sabuni, au kwa majivu ikiwa sabuni imekosekana, kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Mtu akianza kuhara sana, asingoje asubuhi wala asitafute kwanza nani aliyemloga: anyweshwe maji yenye chumvi maalumu za kuharisha, na wakati uo huo apelekwe katika kituo cha afya.

Neno kwa wanafunzi

Tusingependa kuona, baada ya maneno haya, watoto wakienda kuwaua vyura kwa kisingizio kwamba wanaleta ugonjwa. Chura hakuleta kipindupindu. Uchafu wa wanadamu ndio ulioleta. Wala msimwage dawa za kuua wadudu katika mabwawa na mifereji ili mpate samaki kwa urahisi. Sumu hiyo huua pasipo kuchagua, nayo hurudi mezani kwenu.

Na wale wanaodhani kwamba mambo yote ya dunia yamekwisha kujulikana, wainue macho watazame milima iliyo juu ya mji wetu. Katika miaka ya 1950 Mbelgiji Raymond Laurent alipanda nyanda za Itombwe, akakusanya vyura wengi ambao hawakuwa bado na jina katika vitabu. Miaka 50 hivi baadaye, mwaka 2008, wataalamu walitangaza aina mpya ya chura mwenye kucha, wa huko huko Itombwe. Wakamwita Xenopus itombwensis. Wazee wetu walimpita katika vijito vyao tangu zamani. Ni nani katika ninyi mtakaosoma vizuri mpate kuchunguza viumbe vya milima hiyo, badala ya kuwaachia wageni kazi yote?

Kitabu cha Mwanzo chatuambia kwamba Mungu alivitazama vyote alivyoviumba, akaona ni vyema, hakumtenga chura. Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, na katika barua hiyo hiyo alisema pia juu ya maskini wasio na maji safi. Mambo hayo mawili hayapingani. Kumheshimu chura na kuchemsha maji yake ni hekima moja.

Nawe, mtoto wetu uliyeuliza, rudi kwa yule mzee kwa adabu, umwamkie, umwambie hivi: “Babu, ulisema vema kwamba nitazame kabla ya kumwaga. Nimetazama. Chura ana ngao katika ngozi yake, sisi hatuna. Kwa hiyo mama ameyachemsha maji, nami nimekuletea kikombe.” Twaamini atakipokea.